Kurekebisha Kilti Iliyoshonwa na Fundi Mwingine

Fundi wa nguo anayeishi Scotland, hata kama kazi yake ya kila siku ni kukata suruali na kubadilisha zipu, ipo siku ataletewa kilti, vazi la asili la wanaume wa Scotland linalofanana na sketi ya marinda. Huletwa zaidi msimu wa harusi unapokaribia, kisha tena kuelekea tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, na kabla ya tarehe 25 Januari, usiku ambao Waskoti humkumbuka mshairi Robert Burns kwa chakula na mashairi. Mwenyewe amenenepa, au amekonda, au amerithi kilti ya babu yake na tumbo la babu halikuwa lake. Kilti mpya iliyoshonwa kwa mkono hugharimu mamia ya pauni na huchukua muda kukamilika, kwa hiyo anakuja kwako akiwa na matumaini makubwa na harusi wiki ijayo.

Aliyezoea kushona sketi za marinda za sare za shule atadhani hii ni kazi ileile. Siyo. Kilti ya mwanamume mzima hula karibu yadi 8 za sufu, yaani mita 7 na kidogo, na nyingi kati ya hizo zimejificha ndani ya marinda ya nyuma. Pia haina pindo. Ukingo wa chini ni ule uliofumwa kiwandani, usiofumuka, na ndiyo sababu nguo inaning'inia vizuri namna ile. Maana yake ni kwamba njia ya kawaida ya kufupisha nguo, kukata chini na kukunja, imeshafungwa kabla hujaanza.

Isome kwanza

Usishike kifumulio. Itandaze kilti mezani, ndani ikitazama juu, kwenye mwanga wa mchana.

Anza na kitambaa. Chomoa uzi mmoja kutoka sehemu iliyofichika, uchome kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalopukutika. Akriliki na poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Jambo hili linaamua joto la pasi yako na kama kazi inastahili bei utakayotaja. Kilti nyingi za bei nafuu, zikiwemo zinazotoka Sialkot nchini Pakistan, ni za mchanganyiko wa poliesta au za akriliki, zimeshonwa kwa mashine na marinda yake hayana kina. Zinavalika, sizibezi, lakini ndani yake hakuna akiba ya kitambaa. Kupanua kilti ya namna hiyo karibu hakuwezekani.

Kisha angalia marinda. Hesabu, upime upana wa kila moja kiunoni na kwenye makalio, na uandike. Tazama yamepangwaje: kuna yaliyopangwa ili mchoro wa tartani (miraba ya mistari ya rangi inayokatizana) uendelee nyuma kama ulivyo mbele, na kuna yaliyopangwa kwa mstari, rangi moja ikijirudia katikati ya kila rinda. Mpangilio wa mstari ulienea sana jeshini. Kikosi cha Gordon Highlanders kilijulikana kwa mstari wake wa njano. Argyll and Sutherland Highlanders wao walivaa marinda ya sanduku, mapana na machache. Ukikutana na hayo, hesabu za hapa chini hazitakufaa moja kwa moja, kwa sababu rinda la sanduku hukunjwa pande mbili.

Sasa inua bitana. Kwa kawaida imeshonwa juu na kando tu, chini iko huru, kwa hiyo unaweza kuchungulia bila kufumua chochote. Unatafuta vitu vitatu. Je, kuna kanvasi, kitambaa kigumu cha kuimarisha, kiunoni? Je, fundi alikata kitambaa cha ziada nyuma ya marinda ili kupunguza unene? Na kama alikata, je, aliweka ukanda wa pamba imara unaopita mlalo kushikilia marinda yasivutwe na uzito wao? Pasipo ukanda huo, marinda hushuka, mishono hutanuka, na mwenye nguo hulalamika kwamba kilti "imelegea" wakati kiuno chake hakijabadilika hata kidogo. Hapo kazi ni kuweka ukanda, si kubana kiuno.

Piga picha kila kitu. Fundi wa kwanza alikuwa na mpango wake, na ukishafumua, picha ndizo zitakazokukumbusha.

Mvalishe mwenyewe

Usikubali kupewa vipimo kwa simu. Kilti huvaliwa kiunoni hasa, karibu na kitovu, ukingo wake wa juu ukipanda kama sentimita 5 juu ya hapo, na chini huishia katikati ya goti. Wanaume wengi waliozoea jinzi huishusha hadi kwenye mifupa ya nyonga, kisha wanakuja kulalamika kwamba ni ndefu na inabana. Ipandishe mahali pake, ufunge, mwambie ajitazame kwenye kioo. Malalamiko mengi huishia hapo, na mimi humwambia mteja aende zake bila kulipa. Atarudi na koti.

Kama tatizo bado lipo, pima kiuno, makalio mahali palipo panene zaidi, na urefu kutoka kiunoni hadi katikati ya goti huku amesimama wima akitazama mbele. Akiinama kukutazama unavyopima, nyuma inapanda na kipimo chako kinaharibika.

Tofauti ndogo: sogeza mabizimu

Kilti ya kiume hufunguka kulia. Mbele ina aproni mbili, vipande bapa visivyo na marinda vinavyopandana. Aproni ya ndani hutoka kulia na kwenda kushoto, na kikanda chake cha ngozi hupenya kwenye tundu dogo upande wa kushoto na kufungwa nje. Aproni ya juu hutoka kushoto na kufungwa kulia kwa vikanda viwili, au kimoja kwa baadhi ya mafundi. Ukielewa mzunguko huu, utaelewa kwa nini kusogeza bizimu upande mmoja tu ni kazi ya ovyo: aproni moja inabana huku nyingine ikilegea, na kitambaa kinakunjamana tumboni. Sentimita unazoongeza au kupunguza kulia ni zilezile utakazoongeza au kupunguza kushoto.

Kupanua, sogeza mabizimu mbele. Kubana, yarudishe nyuma. Upande wa kushoto bizimu likikaribia kugonga lile tundu, liache lilipo, na badala yake weka kikanda kirefu zaidi kwenye aproni ya ndani.

Mpaka wake ni kama sentimita 5. Ukipita hapo ukipanua, ukingo wa aproni ya juu haufiki tena mahali pake na rinda la ndani linachungulia ubavuni. Ukipita ukibana, aproni inameza marinda ya kulia na mchoro wa mbele unahama katikati. Mtazame mtu kwa mbele: mstari mkuu wa tartani kwenye aproni unapaswa kushuka katikati ya mwili wake. Macho ya Waskoti huuona mstari huo kabla hayajaona uso.

Fumua ngozi kwa kukata uzi mmoja mmoja. Ukivuta, unachana sufu. Mahali papya pawe na kanvasi nyuma yake. Kama kanvasi haifiki, ongeza kipande, kwa maana bizimu lililoshonwa kwenye tartani peke yake litaing'oa siku ya kwanza mwenyewe akila vizuri. Tumia uzi mnene uliopakwa nta, na sindano ipenye hadi kwenye kanvasi.

Matundu ya mshono wa zamani hufifia kwa mvuke na kwa kuyasugua taratibu kwa ncha ya sindano. Rangi iliyobaki nzito chini ya ngozi, wakati pembeni jua limeifubaza, haifutiki. Mwambie mteja kabla, si baada.

Tofauti kubwa: fungua marinda

Hapa ndipo kazi inapokuwa ya siku kadhaa, na ndipo wengi wanapostahili kukataa.

Sehemu ya juu ya marinda, takriban theluthi moja ya urefu wote wa kilti, imeshonwa na kufungwa kutoka kiunoni hadi kwenye makalio. Kila rinda ni pana zaidi chini na jembamba zaidi kiunoni. Wembamba huo ndio unaoipa kilti umbo. Kubadilisha kiuno ni kubadilisha wembamba huo kwenye kila rinda, kidogo kidogo.

Tuseme kilti ina marinda 27 na unataka kupunguza kiuno kwa sentimita 8. Gawanya milimita 80 kwa 27, unapata karibu milimita 3 kwa kila rinda. Kama rinda lilikuwa milimita 18 kiunoni, sasa litakuwa 15. Punguza pande zote mbili za rinda sawasawa ili mstari wa katikati ubaki katikati. Ukila upande mmoja tu, mistari itaanza kuegemea upande, na kufikia rinda la ishirini nyuma itaonekana imepinda. Kwa tofauti kubwa kuliko hiyo, kando za aproni nazo zipunguzwe, la sivyo mbele itabaki pana na marinda yote yataonekana yamesukumwa nyuma.

Kupanua kuna ukuta wake. Kiuno unaweza kukipanua hadi rinda lifikie upana lilionao kwenye makalio, basi. Makalio yenyewe ukiyapanua, unavunja mchoro: rinda litaonyesha mistari ambayo fundi wa kwanza aliificha, na tartani ya nyuma haitalingana tena na ya mbele. Kilti ya mstari husamehe kidogo. Kilti ya mchoro kamili haisamehi hata milimita chache.

Mpangilio wa kazi:

1. Piga bandi (mishono mirefu ya muda) marinda yote kutoka makalio hadi ukingo wa chini, safu tatu za mlalo, kabla ya kufumua chochote juu. Hii ndiyo inayozuia nguo kugeuka kuwa mita saba za kitambaa kilichokunjamana.
2. Ondoa vikanda na mabizimu, kisha bitana, mkanda wa kiuno na kanvasi. Viweke pamoja kwenye mfuko.
3. Fumua mishono inayoshikilia migongo ya marinda kwa ndani, pamoja na ule ukanda wa pamba kama upo. Kama kitambaa cha nyuma kilikatwa, utaona kingo mbichi. Zishike kwa upole, sufu hiyo inafumuka haraka.
4. Tia alama mpya kwa uzi, si kwa chaki. Chaki hupotea kwenye sufu ukiwa rinda la tisa.
5. Fumua na kushona rinda moja moja. Usifumue yote kwa pamoja. Rinda ambalo hujaligusa ndilo kipimo cha lile unaloshona.
6. Shona kwa mkono, mishono midogo iliyolala, sindano ikishika ukingo wa mkunjo na rinda lililo chini yake. Rangi ya uzi ifuate rangi iliyo kwenye ukingo wa mkunjo. Mshono mzuri hauonekani hata ukikaribisha pua.
7. Kila baada ya marinda matano pima jumla. Kosa la nusu milimita likijirudia mara 27 ni zaidi ya sentimita moja.
8. Rudisha ukanda wa pamba, kanvasi, mkanda wa kiuno, bitana. Kama fundi wa kwanza hakuweka ukanda, uweke wewe.

Mashine? Kwa bitana, sawa. Kwa marinda ya kilti iliyoshonwa kwa mkono, hapana. Mshono wa mashine ni mgumu kuliko majirani zake na kitambaa huvutika hapo.

Urefu

Kilti hufupishwa kutoka juu. Unaondoa mkanda wa kiuno, unakata au kukunja ndani kiasi kinachotakiwa, kisha unarudisha kila kitu, vikanda na mabizimu vikishuka kwa kiasi kilekile. Linalowaponyoka wengi ni kwamba kiuno kitapanuka. Chukua kilti yenye tofauti ya sentimita 12 kati ya kiuno na makalio, na umbali wa sentimita 18 kati ya mistari hiyo miwili. Kila sentimita unayotoa juu inashusha kiuno hadi mahali palipo pana zaidi kwa karibu milimita 7. Ukitoa sentimita 3, kiuno kimeongezeka kwa 2. Kiasi hicho mabizimu yanaweza kukimeza. Ukitoa 8, kiuno kinaongezeka kwa zaidi ya 5, na unarudi kwenye kufungua marinda. Zaidi ya hayo, sehemu iliyofungwa inakuwa fupi mno, na marinda huanza kufunguka juu ya makalio badala ya kwenye makalio, kitu kinachomfanya mtu aonekane amevaa mwavuli.

Kurefusha kilti ya mtu mzima, kataa. Juu huwa kuna sentimita moja au mbili zilizofichwa chini ya mkanda, na ni hizo tu. Kilti za watoto wanaocheza ngoma za Nyanda za Juu za Scotland ni habari nyingine: mafundi wengi huwaachia mkunjo wa siri wa kufunguliwa mtoto anapokua. Mzazi mara nyingi hajui upo. Utafute kwa vidole kabla ya kumwambia haiwezekani. Mstari wa mkunjo wa zamani hutoka kwa mvuke kama haujafifia kwa jua.

Matengenezo ya kawaida

Mishono iliyokatika chini kabisa ya sehemu iliyofungwa ndiyo utakayoiona zaidi. Hapo ndipo uzito wote wa rinda unapovuta mtu anapokaa au kucheza. Rudisha mshono, kisha kwa ndani piga mishono mitatu minne mahali pamoja ili nguvu iishie kwenye tabaka za nyuma. Kagua na marinda mengine yote. Likikatika moja, jirani zake wako njiani.

Mpasuko mbele, karibu na kona ya chini ya aproni, karibu kila mara umetokana na pini. Pini ya kilti ni pambo na uzito wa aproni ya juu peke yake. Akiipitisha kwenye aproni zote mbili, hatua moja ndefu inatosha kuchana. Tengeneza, halafu mweleze.

Nondo. Wanaokula si wale wanaoruka, ni mabuu yao, na hupenda mahali penye jasho na chakula kilichomwagika. Kabla kilti haijaingia kwenye karakana yako pamoja na nguo za wengine, ifunge kwenye mfuko wa plastiki na uiweke kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Ukiitoa, usifungue mfuko mpaka joto lake lilingane na la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utageuka matone kwenye sufu. Tundu dogo lijaze kwa kufuma upya: nyuzi chomoa kwenye kitambaa cha tartani ileile kilichofichwa ndani, kwa mfano nyuma ya marinda kama hakikukatwa, au kwenye mkunjo wa aproni ya ndani. Pitisha nyuzi za wima kwanza, kisha za mlalo, juu ya mbili chini ya mbili, kila safu ikihama uzi mmoja, ili ule mshazari wa sufu uendelee. Uzi wa dukani hata ukiwa wa rangi sawa hung'aa tofauti. Tundu kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba likiwa kwenye aproni ya juu, mwelekeze mteja kwa wanaofanya kazi ya kufuma tu. Likiwa ndani ya rinda, kiraka cha tartani ileile kinatosha na hakuna atakayekiona.

Bitana iliyochanika ni kazi ya saa chache. Ngozi iliyokauka na kupasuka ibadilishe yote kwa pamoja. Kikanda kimoja kipya kati ya viwili vya zamani hukera macho. Matamvua ya ukingo wa aproni yakiwa yamelika, chomoa uzi mmoja au miwili zaidi ya wima na yanajirudi.

Kilti ya zamani ya jeshi, yenye mihuri na namba kwenye bitana, itengeneze bila kubadilisha bitana hiyo. Thamani yake iko pale.

Pasi

Sufu: kitambaa cha pamba chenye unyevu juu, pasi ya moto, unabonyeza na kuinua. Usiteleze pasi, utavuta marinda. Poliesta na akriliki: joto dogo, jaribu kwanza kwa ndani. Marinda yawe yamepigwa bandi hadi chini, na uyaache yapoe mezani kabla ya kuinua nguo, kwa kuwa mkunjo hushika wakati wa kupoa. Ile sehemu iliyofungwa piga pasi kwa ndani tu, na pasi isikae juu ya ngozi.

Kukabidhi

Andika kwenye risiti ulichofanya na kilichobaki kama kilivyokuwa: alama za mabizimu ya zamani, rangi iliyofifia, mishono ambayo hukuigusa. Lebo ya fundi wa kwanza irudi mahali pake, na yako usiiweke. Kusogeza mabizimu unaweza kukadiria bei palepale. Kufungua marinda toza kwa saa, na useme hivyo kabla ya kuanza.

Kabla hajalipa, mwambie aivae, afunge vikanda kwenye tundu la katikati, akae kitini, asimame, azunguke. Akikaa, kiuno kisimkate na bizimu lisipinde. Akizunguka, marinda yafunguke na kurudi yenyewe. Kama anasafiri nayo, mwachie bandi za chini hadi afike, na umpe kifumulio kidogo cha kuzitoa.